Piano ya hotelini si ya kubonyeza tu

Mpenzi msomaji, umewahi kuingia kwenye hoteli kubwa, zile zenye sakafu inayong'aa na mlinzi anayekufungulia mlango, ukakuta pembeni kuna mtu kakaa kwenye piano anapiga taratibu, halafu ukampita kama unavyokipita chungu cha maua? Usione haya. Karibu kila mtu humpita. Soga zinaendelea, barafu inagongana kwenye glasi, simu zinaita, na yule mtu yuko pale anabembeleza vitufe vyake kama vile hayupo.

Leo nataka tuzungumze habari za yule mtu. Kwa nini? Kwa sababu siku hizi kila Alhamisi na Ijumaa, kuanzia saa moja na nusu usiku, yule mtu ni mimi.

Tuelewane jina kwanza. Hapa kwetu ukisema jazi, wazee watakutajia Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Nuta Jazz na Kilwa Jazz. Hizo zilikuwa bendi za dansi, magitaa mbele na matarumbeta nyuma, watu wanacheza mpaka soli za viatu zinaisha. Jina lilitoka Marekani lakini muziki ulikuwa wa kwetu. Jazi ninayoisema mimi ni ile ya Wamarekani weusi, iliyochipuka New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, ikapanda treni kwenda Chicago na New York. Na piano ya kokteli ni mtoto mpole wa jazi hiyo: nyimbo zinazojulikana, zinapigwa kwa sauti ya chini, watu wakiwa wanakunywa na kuongea.

Kule Marekani pombe ilipigwa marufuku kuanzia mwaka 1920 hadi 1933. Ilipofunguliwa tena, kumbi ndogo za vinywaji zikarudi hadharani, na mwenye ukumbi mdogo hana nafasi wala fedha za kuweka bendi nzima. Mtu mmoja na piano moja vikatosha. Basi huyo mtu mmoja alitakiwa awe mwimbaji, mpiga gitaa la rithimu na mpiga besi, wote ndani ya vidole kumi. Hapo ndipo kasheshe inapoanza.

KUTOKA KWAYANI

Mimi nilimaliza Kidato cha Nne, matokeo yakaja ya kawaida tu, si ya kumpeleka mtu Kidato cha Tano. Tangu hapo nimekuwa mtu wa vibarua: safu hii ya gazeti, kuchapa barua za watu kwenye duka la stesheneri, na kinanda cha kwaya siku ya Jumapili. Kinanda nilijifunza kwa kuchungulia. Dada aliyekuwa akikipiga aliolewa akahamia Mbeya, mwalimu wa kwaya akauliza nani anaweza, watu wakaangalia viatu vyao, mimi nikanyoosha mkono.

Wanaokijua kinanda cha kwaya wanaelewa. Unabonyeza kitufe cha mtindo, ngoma zinaanza zenyewe, besi inajipiga yenyewe, wewe kazi yako ni kushika kodi tatu na kutabasamu. Kodi ninazosema hapa si zile za TRA, ni sauti tatu au nne zinazobonyezwa kwa pamoja.

Sasa mtaa wa tatu kutoka kwetu anaishi mzee mmoja ambaye miaka ya 1970 na 1980 alipiga vinanda kwenye bendi za dansi, halafu akaingia mahotelini na hakutoka tena. Siku moja tulipomaliza mazoezi nikamkuta amesimama chini ya dirisha la kanisa, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti, ile mashine ya ngoma ikizimwa, wewe unabaki na nini?"

"Nabaki na mikono, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi kesho iletee kwangu hiyo mikono."

MIKONO YA MZEE

Sebuleni kwake kuna piano ya kusimama ya zamani, aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Ina umri kuliko mama yangu. Hewa ya pwani si rafiki wa piano: mbao zinavimba, nyuzi zinapata kutu, na ile yake vitufe viwili havilii kabisa. Alipokaa akapiga kidogo, nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa masikio yangu mawili, yaani ni kama mtu anakusimulia jambo lake la siri mezani. Halafu akasimama ghafla, akaanza kuvisugua vidole.

Ndipo nikaviangalia. Viungo vimevimba kama tangawizi. Baridi yabisi. Akaniambia wazi kwamba nusu saa ya kwanza vidole vinamtii, baada ya hapo vinagoma. Hotelini walikuwa wameshaanza maneno ya chini chini kwamba siku hizi wageni hawana shida, unaunganisha simu na spika mambo yanakwenda. Alihitaji mtu wa kugawana naye usiku kabla hajaambiwa asante kwa huduma yako.

"Mimi nikitoka pale," akasema, "ile piano itafunikwa kitambaa wataiwekea maua juu."

Nilidhani somo la kwanza litakuwa la vidole. Wapi! Akanipa daftari. Akaniwekea "Misty," wimbo wa Erroll Garner wa mwaka 1954, kwanza ulivyopigwa na mwenyewe bila maneno, halafu ulivyoimbwa na Johnny Mathis mwaka 1959, kwa sababu maneno yalikuja baadaye, yakaandikwa na mtu mwingine. Akasema andika maneno yote, uyatafsiri kwa Kiswahili, halafu yasome kwa sauti kama unamsomea mtu barua. Nikaandika, nikatafsiri, nikasoma. Ni habari za mtu aliyependa mpaka akapoteza mwelekeo. Mzee akawa anasikiliza amefumba macho.

"Umepumua wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha.

"Hapo ndipo mkono wako nao utapumua. Ukipiga bila kupumua, mtu anakula chakula chake na bado anaona kama kuna mtu anampigia kelele."

Baadaye nikaja kujua kwamba hayo hayakuwa ya mzee peke yake. Lester Young, mpiga saksafoni mkubwa wa enzi za Billie Holiday, naye alikuwa akisisitiza mwanamuziki ayajue maneno ya wimbo hata kama hatayaimba. Sababu iko wazi. Sauti za wimbo zilitungwa zibebe maneno. Ukiyajua maneno, utajua neno lipi ni zito na lipi ni la kupita. Usipoyajua, vyote utavigonga sawasawa kama mtu anayepigilia misumari.

NYUNDO NA NYUZI

Somo la pili lilichukua wiki nzima: kupiga ule wimbo kwa mkono mmoja tu, tena kwa kidole kimoja, mpaka uimbe. Mama mdogo wangu aliyekuja kututembelea akauliza kama mzee amekwishaanza kunifundisha au bado.

Lakini sikiliza, mpenzi msomaji, hapa kuna jambo. Piano ilibuniwa na Mwitaliano Bartolomeo Cristofori mjini Florence, karibu na mwaka 1700. Vinanda vingi vya nyuzi vilivyokuwapo vilikuwa vinadonoa uzi, ubonyeze kwa nguvu au polepole, sauti ni karibu ile ile. Cristofori akaweka nyundo ndogo. Ukibonyeza taratibu nyundo inagusa taratibu, ukibonyeza kwa nguvu inagonga kwa nguvu. Jina lenyewe piano ni kifupi cha maneno ya Kitaliano yenye maana ya sauti ya chini na sauti ya juu.

Ubaya wake ni mmoja. Mwimbaji akishika sauti anaweza kuikuza, kuitikisa, kuivuta. Mpiga gitaa anaweza kuukunja uzi. Mpiga piano akishagonga, basi, nyundo imesharudi na sauti inaanza kufa hapo hapo. Huwezi kuifanya lolote isipokuwa kuishikilia au kuikata. Sasa utaifanyaje iimbe?

Mzee alinionyesha. Unaisikiliza sauti inavyofifia, halafu sauti inayofuata unaigonga kwa kiwango kile ambacho ya kwanza imefikia, isiruke juu kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Zinashikana mikono. Na ile pedali ya kulia, inayoziacha nyuzi ziendelee kulia, unaibadilisha kila kodi inapobadilika, la sivyo sauti zinachanganyika kama maji ya kufulia. Nilikaa na hayo siku saba. Mzee hakunisifu. Siku ya nane akasema, "Haya, sasa mlete na mkono wa kushoto."

SIRI YA VIDOLE VIWILI

Hili nakupa bure, hasa wewe mwanakwaya mwenzangu unayejua do, re, mi. Safari maarufu kuliko zote katika jazi ina vituo vitatu: kodi ya re, kisha kodi ya so, kisha nyumbani kwa do. Kodi ya re kamili ni re, fa, la, do. Ya so ni so, ti, re, fa. Ya do ni do, mi, so, ti. Sauti nne mara tatu ni kumi na mbili, mkono wa mwanafunzi unaingiwa kiwewe.

Mzee akasema punguza. Ile sauti ya chini inayoipa kodi jina lake, mwachie mpiga besi. Kama uko peke yako iguse mara moja uondoke. Ile ya tatu kwenye kuhesabu, yaani la, re na so, nayo iweke pembeni. Unabaki na mbili mbili: fa na do, halafu fa na ti, halafu mi na ti. Kama una kinanda karibu jaribu sasa hivi. Umeona maajabu? Kutoka kituo cha kwanza kwenda cha pili kimesogea kidole kimoja tu, do imeshuka nusu hatua ikawa ti. Kutoka cha pili kwenda cha tatu tena ni kidole kimoja, fa imeshuka nusu hatua ikawa mi. Mkono umetulia kama umelala, lakini sikio limesafiri limefika nyumbani.

Wakubwa wa kazi hii walilijua jambo hilo zamani. Bill Evans, yule aliyepiga piano kwenye albamu ya Miles Davis ya mwaka 1959 iitwayo "Kind of Blue," alisifika kwa kuiacha kabisa ile sauti ya chini na kupanga zilizobaki karibu karibu, zikatoa rangi ya jioni jioni. Art Tatum naye, aliyekuwa karibu kipofu, alipiga sauti nyingi mpaka watu waliomsikia kwenye santuri walidhani ni watu wawili. Mzee akaniambia Tatum msikilize, mheshimu, lakini kazi ya hotelini jifunze kwanza kwa wasemao machache.

Kwenye mkono wa kulia, kidole cha mwisho ndicho mwimbaji, kinabeba wimbo wenyewe na kinagonga kwa uzito zaidi kidogo. Vidole vya kati vinamwitikia kwa sauti ya chini, kama waitikiaji nyuma ya mwimbaji wa dansi.

Halafu kuna suala la kuchelewa. Huyu Erroll Garner, aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1921, hakujua kusoma noti hata moja. Lakini msikilize kwenye santuri yake "Concert by the Sea" ya mwaka 1955: mkono wa kushoto unapiga mapigo manne sawasawa kama gitaa la rithimu, wa kulia unakuja nyuma kidogo, unajivuta. Ule mvuto ndio unaomfanya mtu atikise kichwa bila kujijua. Mzee alinieleza hivi: mkono wa kushoto ni basi, lina saa zake. Wa kulia ni abiria mwenye maringo, anakuja polepole na mkoba wake, lakini basi halimwachi. Ukichelewesha mikono yote miwili, hayo si maringo tena, ni gari bovu.

Na viungo visizidi. Wageni wengi hotelini, hasa watalii, huomba "Malaika." Ukishajua kodi za jazi unatamani kuuvalisha kila pambo. Mzee aliniwekea mipaka: wimbo ule kila mtu anao moyoni, weka kodi mbili tatu za kushangaza pale mwisho wa mstari, kwingine uache ulivyo. Pilau likizidi viungo, nyama huisikii.

KWANI HOTELI HAINA BIA?

Miezi ikapita. Nikawa natoka stesheneri saa kumi napitiliza kwa mzee, narudi nyumbani usiku. Mama akawa ananiangalia tu. Siku niliyotaja neno hoteli, mambo yakabadilika.

"Kwaya sijakukataza," akasema. "Baa ndiyo sitaki kuisikia."

"Mama, si baa. Ni hoteli."

"Kwani hoteli haina bia?"

Jamani, ningejibu nini? Mama yangu amelea watoto wanne peke yake kwa kuuza vitambaa, na heshima ya nyumba yake ndiyo mali aliyo nayo. Binti wa miaka ishirini na kitu anayerudi saa tano usiku kutoka hotelini, mtaani kwetu wana jina lake, na jina hilo si mpiga piano.

Usiku ule nilimfikiria sana Nina Simone. Huyu mama alizaliwa mwaka 1933 huko North Carolina, jina lake Eunice Waymon, mama yake mhubiri wa Kimethodisti. Alifunzwa piano ya kiklasiki tangu utotoni, akaomba kuingia chuo cha muziki cha Curtis mjini Philadelphia, wakamkataa, na yeye aliamini mpaka kufa kwake kwamba alikataliwa kwa rangi yake. Mwaka 1954 akapata kazi ya kupiga piano kwenye baa moja mjini Atlantic City. Mwenye baa akamwambia ama aimbe pia ama atafute kazi kwingine. Akaimba. Na ili mama yake asijue kwamba mwanawe anapiga muziki wa baa, akajibatiza Nina Simone. Dunia nzima ikamjua kwa jina la kujificha.

Mimi jina sikutaka kubadili. Na hata ningebadili, mtaa wetu una macho kuliko polisi.

Nilimweleza mzee kwamba mama amegoma. Hakusema kitu. Jumapili jioni tukasikia hodi. Mzee huyo, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Mama akamwamkia, akamkaribisha, akamwekea chai. Wakazungumza habari za mvua, bei ya sukari, na bendi za zamani, na nikagundua kwamba mama anazijua bendi za zamani kuliko alivyowahi kuniambia. Halafu mzee akaweka kikombe chini.

"Mama, sikuombi binti yako aende baa. Nakuomba anishikie kiti changu."

Akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza, ile mikono ya tangawizi. Mama akaitazama muda mrefu.

"Hii unaipaka nini?" akauliza.

"Kila kitu, mama."

Mama akaenda chumbani akarudi na kichupa cha mafuta ya mkarafuu. Ndipo akaanza kutoa masharti, na mwenye masharti ujue amekwishakubali nusu. Niende na mzee na nirudi na mzee. Gari la kurudisha wafanyakazi litufikishe mlangoni, si kituoni. Nguo ivuke magoti. Na nisile wala kunywa cha mtu. Mzee akayakubali yote kama mtu anayetia sahihi mkataba.

USIKU WA MAJARIBIO

Meneja alitupa usiku mmoja. Mzee akafungua kwa nusu saa yake, halafu akanipisha. Wajameni, piano ya hotelini ni ile kubwa ya kulala, vitufe vyake themanini na nane vyote vinalia, na vinajibu hata ukiwaza tu. Kulia kwangu walikuwepo wanaume wanne wanabishana habari za mkataba wa lori. Mbele, familia na mtoto mchanga. Karibu na dirisha mama mmoja peke yake na kikombe cha kahawa.

Mzee alikuwa amenipa kanuni tatu. Ya kwanza, sikiliza ukumbi kabla ya kujisikiliza mwenyewe, sauti yako ikae chini ya sauti ya maongezi. Watu wakilazimika kuinua sauti wakuelewane, umeshawaudhi. Ya pili, usipige nyimbo mbili za kasi moja zikifuatana. Ya tatu, makofi usiyangoje.

Nikaanza na bosanova moja ya Mbrazili Antônio Carlos Jobim, kwa sababu ule mwendo hautishi mtu. Wale wa lori wakaongeza sauti, mimi nikapunguza yangu, ajabu baada ya dakika chache nao wakapunguza. Mtoto akalala. Mhudumu akaniletea kikaratasi kimeandikwa "Malaika," nikaupiga na viungo vyangu viwili tu mwishoni mwa mistari. Halafu nikapiga "Misty." Maneno yake yote nilikuwa nayo kichwani kwa Kiswahili changu cha daftari, nikayafuata neno kwa neno, nikapumua nilikopumua. Yule mama wa dirishani alikuwa ameilaza simu yake kifudifudi mezani. Pengine alichoka kuiangalia. Mimi nilijichukulia kuwa ananisikiliza, nikampigia yeye.

Hakuna aliyepiga makofi. Saa nne na nusu meneja akaja.

"Sijapata malalamiko," akasema. "Na hakuna mgeni aliyehama meza. Alhamisi njoo."

Hiyo ndiyo sifa niliyopewa, na mzee kwenye gari aliniambia katika kazi hii hiyo ni sifa kubwa.

Nimewaza sana habari ya kuwapigia watu wasiosikiliza. Mtunzi wa Kifaransa Erik Satie, mwaka 1917, alitunga vipande akaviita muziki wa samani, yaani uwepo chumbani kama kiti kilivyopo. Wengine wanaona hayo ni dharau kwa msanii. Lakini kule New York, Bobby Short alikaa kwenye piano ya ukumbi wa Café Carlyle tangu mwaka 1968 hadi 2004, na watu wakawa wanakwenda hotelini kwa ajili yake. Mimi nasema hivi: mtu anayeongea huku wewe unapiga hajaziba masikio. Ukimpigia kwa hisia za kuigiza, anakereka bila kujua kinachomkera. Ukimpigia wimbo unaoufahamu unasema nini, maongezi yake yanalainika, na hajui kwa nini. Kwa hiyo usipunguze hisia kwa sababu hutazamwi. Weka zaidi, ila uzishushe sauti.

Mzee sasa anapiga nyimbo tatu tu za mwanzo, halafu anakaa kiti cha pembeni na maji yake ya moto. Posho tunagawana nusu kwa nusu, nami nimekataa kata kata kubadili hesabu hiyo. Vidole havirudi. Lakini piano haijawekewa maua.

Mama bado hajaja kutusikiliza. Ila Jumamosi iliyopita, tukichambua mchele, akauliza bila kuinua macho, "Huo Malaika huko mnaupiga mpaka mwisho au mnaukatisha?"

"Mpaka mwisho, mama."

"Ehee," akasema, akaendelea kuchambua.

Basi wewe unayetaka kuanza, usisubiri piano ya kulala. Tafuta kinanda ambacho vitufe vyake vinatofautisha kugusa na kugonga, uzime ngoma zake za mashine. Chagua wimbo mmoja tu unaoupenda. Andika maneno yake, yasome kwa sauti, weka alama unapopumua. Upige kwa kidole kimoja wiki nzima, wakucheke wakuchoke. Halafu lete vile vidole viwili vya kushoto, fa na do, fa na ti, mi na ti. Nusu saa kila siku ina faida kuliko saa nne za Jumamosi. Na kama mtaani kwenu kuna mzee aliyewahi kupiga bendi, mpelekee salamu mapema, wakati vidole vyake vingali vinamtii.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.